Ganda la Fundi Saa

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa maabara asubuhi ya Jumatatu, na pembeni yake kijikaratasi cha njano chenye mwandiko wa haraka: "Shangazi, naomba upitie. Ukiona kosa la herufi, sahihisha. Jumatano inakwenda kwa mchapaji, iwekwe kwenye ukuta wa mapokezi."

Mama Plasta aliibandua, akavaa miwani, akaisoma amesimama, mkoba bado begani. Jina hilo alipewa na wagonjwa, kwa sababu tangu ujana wake alikuwa akitoka kwenye kile chumba cha nyuma mikono ikiwa myeupe hadi viwikoni. Yeye ndiye fundi wa maabara ya kliniki ya meno. Daktari huchukua umbo la kinywa, yeye hulimwagia plasta, uji mweupe unaoganda kama jiwe, na kuanzia hapo kila kitu kinachorudi mdomoni mwa mgonjwa kimepita mikononi mwake.

Kichwa cha habari kilisema: "Kunyoosha meno: kutoka nyaya hadi maganda angavu." Mistari ya mwanzo aliipita bila ugomvi. Zamani meno yalinyooshwa kwa pete na nyaya za chuma; sawa. Baadaye madaktari wa ng'ambo wakabuni mpira mzito wa kung'ata, kwa mgonjwa ambaye meno yake yamebakiza kusogea kidogo tu, sawa. Kisha ikaja plastiki nyembamba inayopashwa moto na kunyonywa juu ya meno ya plasta mpaka ishike umbo la kila jino, sawa kabisa. Halafu kompyuta, na maganda ishirini au thelathini ya kuvaliwa kwa zamu, kila moja likisukuma meno hatua ndogo zaidi ya lililotangulia. Hapo nako hakuwa na la kusema. Ndipo akafika mstari wa pili kutoka mwisho.

"Katika kliniki hii, mwanzilishi wetu alibuni ganda lake la kwanza la kusogeza jino miaka thelathini iliyopita, baada ya utafiti wa muda mrefu."

"Utafiti!" alisema kwa sauti, na mle ndani hamkuwa na mtu wa kumjibu. "Utafiti wa muda mrefu! Ee Mungu wangu, nipe uvumilivu."

Alitupa mkoba mezani. Meza yenyewe ilikuwa nusu tupu. Kwenye kona kulikuwa na magunia matano yamejaa meno ya plasta, kazi ya miaka yote hiyo, yakisubiri gari la takataka. Mwisho wa mwezi Mama Plasta alikuwa anastaafu, na chumba hiki kingekuwa cha mashine, ile yenye kamera ndogo inayoingizwa mdomoni ikapiga picha ya meno yote kabla mgonjwa hajamaliza kukohoa. Hakuwa na kinyongo na mashine. Aliiona ikifanya kazi, akaikubali, na nyumbani aliisifu mpaka mumewe akatikisa kichwa. Lakini alikuwa amejiambia kwamba akiondoka na mikono mitupu, na plasta zake zikaenda jalalani, basi angalau pale ukutani pawe na mstari mmoja wa kweli. Kumbe hata huo umemponyoka.

Kwa sababu ukweli alikuwa nao yeye. Ganda la kwanza halikubuniwa na mtu. Lilikosewa, na aliyelikosea ni yeye.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, mwezi wa tatu wa majaribio kazini, na tayari alikuwa ameharibu mara moja. Aliwahi kubadilisha seti mbili za meno ya bandia, mzee mmoja akakaa siku mbili na meno ya mwenzake akilalamika kwamba yanamfanya apige miluzi. Daktari, ambaye siku hizo alikuwa na sauti ya kupasua kuta, alimsimamisha katikati ya maabara akamwambia: "Kosa moja zaidi, moja tu, unafungasha." Wiki hiyohiyo akaja kijana mmoja fundi saa, aliyevuliwa nyaya. Meno yake yalikuwa yamenyooka yote isipokuwa moja la juu, la pili kutoka katikati, lililogeuka kidogo ubavu. Daktari akasema linatosha, hakuna atakayeliona, mtengenezee ganda la kushikilia meno yasirudi nyuma. Basi.

Mama Plasta aliliona. Kitu kikikaa upande kilikuwa kinamkera tangu utotoni. Alikuwa akiingia nyumba za watu na kunyoosha picha ukutani bila kuombwa. Akamwaga plasta ya pili ya kinywa kilekile, kwa ajili ya kujifunza tu, akalikata lile jino kwa msumeno mwembamba, akalipachika upya kwa nta likiwa limenyooka. Akafurahi nalo. Akaziweka plasta zote mbili kwenye rafu. Jumamosi, kwa haraka ya kufunga, akapasha plastiki moto na kuibana juu ya plasta ambayo siyo.

Ganda likavalishwa mdomoni. Fundi saa hakusema neno. Wiki tatu baadaye alirudi, akafungua mdomo, na jino lilikuwa limenyooka. Daktari alilitazama, akamwita fundi wake aje aone. Msichana alikimbilia rafuni, akaona michirizi ya plastiki kwenye plasta ya nta. Alikiri palepale. Daktari alizishika zile plasta mbili, moja kila mkono, kwa muda mrefu, kisha akasema: "Usimwambie mtu. Tujaribu kwa mwingine." Wakajaribu kwa mwingine, na kwa mwingine tena, nusu milimita kwa nusu milimita, yeye akikata na kupachika, mpaka kliniki ikajulikana. Kwamba huko duniani kulikuwa na wengine waliokwisha kulifanya jambo hilohilo, walikuja kulijua baadaye. Na yeye hakumwambia mtu, kama alivyoagizwa. Alikuwa mjinga kiasi hicho.

"Umeona kosa, Shangazi?"

Daktari Mdogo alikuwa mlangoni, koti jeupe, simu mkononi. Alikuwa binti wa Daktari Mkubwa, yule mwanzilishi, na alikulia kwenye sakafu ya maabara hii akichezea meno ya plasta, ndiyo maana hajawahi kumwita fundi jina lingine.

"Nimeona moja," alisema Mama Plasta. "Lakini siyo la herufi."

Akamweleza. Daktari Mdogo alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo baba yake hajawahi kulimudu, kisha akavuta kiti akakaa.

"Shangazi, Baba anasimulia habari ya huo utafiti tangu nikiwa mtoto."

"Najua. Mwanzoni alikuwa anasema ilimchukua wiki. Siku ya harusi yako ilikuwa miezi sita. Sasa ni muda mrefu. Akifika miaka themanini utasikia alianza akiwa tumboni mwa mama yake."

Daktari Mdogo alicheka, halafu akajuta kucheka. "Siyo kwamba sikuamini. Lakini ule ni ukuta, watu watausoma miaka. Nikibadilisha, Baba atakataa, na mimi nitakuwa katikati na maneno yako na maneno yake. Nipe kitu cha kushika mkononi."

"Plasta mbili ninazo. Na kadi ya oda, kwa mkono wake mwenyewe." Kwa hasira alishavuta kutoka rafu ya juu boksi namba moja, lile ambalo hakulitia kwenye magunia.

"Plasta mbili zinaonyesha kwamba zilikuwepo plasta mbili. Atasema alikutuma uzifanye zote. Ganda lenyewe liko wapi? Au mgonjwa, yuko hai?"

"Yuko hai," alisema Mama Plasta kwa uchovu. "Yuko hai sana. Kasoro yake ni kwamba hasemi."

"Unamfahamu?"

"Nimeolewa naye."

Simu ilimdondoka Daktari Mdogo mapajani. "Mjomba? Mjomba fundi saa ndiye mgonjwa wa kwanza? Basi mlete kesho mchana! Tutampiga picha jino, tuweke na plasta pembeni. Baba naye nitamwita. Jioni nafunga maandishi, Shangazi. Baada ya hapo siwezi tena kuyagusa."

Kumleta. Kana kwamba ni rahisi. Mama Plasta alitoka saa sita bila kuaga, akapita mitaa miwili chini ya jua mpaka kwenye kibanda cha mumewe, mahali ambapo saa arobaini ukutani zilikuwa na majira arobaini tofauti. Mumewe alikuwa ameinamia saa ya mkononi, kioo cha kukuzia jichoni. Hakuinua kichwa. Alisogeza stuli kwa mguu ili mkewe akae, na hiyo kwake ilikuwa salamu ndefu.

"Fungua mdomo," alisema Mama Plasta.

Alifungua. Alikuwa mtu wa kutii, hilo halina ubishi. Mama Plasta alimshika kidevu, akamgeuzia mlangoni penye mwanga. Jino lilikuwa limerudi. Siyo lote, lakini lilikuwa limegeuka ubavu tena, waziwazi, kwa mtu yeyote mwenye macho. Kwa miaka alikuwa akilala kando ya uso huu, akiusugua kwa mafuta, akiukaripia kila siku, na hakuwa ameliangalia jino.

"Lile ganda la usiku nililokutengenezea mwaka juzi liko wapi?"

"Lipo."

"Lipo wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani sehemu gani?"

"Lipo tu, mama."

"Hulivai!"

Aliinamia saa yake tena, maana yake halivai. Huyu ndiye mwanamume aliyewahi kutembea siku kumi na moja na kidole cha mguu kilichovunjika, mpaka kiatu kilipokataa kuingia. Ndiye aliyekaa na sikio bovu mwezi mzima, ukimwita anatabasamu. Ukimuuliza "Unaumwa?" anasema "Hapana." Ukimuuliza "Chai nzuri?" anasema "Nzuri." Ukimuuliza kama nyumba inaungua atasema kuna joto kidogo. Jamaa zake walimsifu kwa upole. Wao hawakuwa wanaishi naye, hawakulazimika kumchunguza kila asubuhi kama mzigo uliofika umepasuka ndani.

"Nisikilize," alisema, akijikaza asipige kelele mbele ya wapita njia. "Kesho wanakuhitaji kliniki. Mimi nakuhitaji. Nilitaka wapige picha jino lako, waone lilivyonyooka kwa kosa langu, waandike ukweli ukutani. Sasa nitawapelekea nini? Jino lililorudi kwao?"

Fundi saa aliweka koleo chini. Kisha akavuta droo ya chini, ile anayoificha wateja wasiitie mikono, akatoa kitu na kukiweka juu ya kitambaa.

Lilikuwa ganda. Limekuwa la manjano, na upande mmoja lina ufa mdogo, lakini ni lenyewe, lile la kwanza. Kwenye kila shimo la jino mlikuwa na skrubu: skrubu ndogo za saa, kila ukubwa na shimo lake, magego yamebeba zile kubwa, meno ya mbele yamebeba zile ambazo ukipiga chafya huzioni tena.

Mama Plasta akalisogelea. "Unaweka skrubu!"

"Zinakaa vizuri."

"Miaka yote nalia kwamba ganda la kwanza limepotea, na wewe unaweka skrubu! Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza droo."

Alitaka kumrushia saa ya ukutani. Badala yake aligeuza ukingo wa ganda kwenye mwanga, na pale, kwa mikwaruzo ya sindano, akaona namba ya mgonjwa na tarehe kwa mkono wake wa ujana, kama alivyofundishwa kuandika kwenye kila kazi. Akalifunika kwa kiganja ili lisije likayeyuka mbele yake.

"Nalichukua."

"Na skrubu nitaweka wapi?" aliuliza mumewe. Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza siku hiyo.

Aliziweka kwenye vifuniko vya chupa. Moja moja, kwa koleo, ukubwa kwa ukubwa, bila haraka, wakati mkewe amekaa kwenye stuli akihesabu pumzi zake. Ilichukua dakika hamsini. Saa arobaini zilimwonyesha majira arobaini, na zote alizichukia.

Kesho yake mchana walikuwa wanne ndani ya maabara. Daktari Mkubwa aliletewa kiti chenye mto. Alikuwa amestaafu miaka mitano, anatembelea fimbo, lakini sauti yake ilikuwa bado inatangulia kuingia. Daktari Mdogo alisimama na daftari. Fundi saa alikaa karibu na mlango, kofia magotini.

"Hii habari ya kosa imetoka wapi?" aliuliza Daktari Mkubwa. "Fundi, mimi na wewe tumefanya kazi maisha yetu yote. Mimi ndiye niliyewaza: tukilisogeza jino kwenye plasta, plastiki italisukuma. Usiku mzima sikulala."

"Ulilala, Daktari," alisema Mama Plasta. "Sote tulilala. Ndiyo maana hatukujua kinachoendelea mdomoni mwa mtu."

Akaweka plasta mbili mezani. Akachukua ganda la manjano, akalishusha juu ya plasta ya kwanza, kinywa kama kilivyokuwa. Lilikataa. Liligota kwenye lile jino lililogeuka, likabaki linacheza. Akalihamishia kwenye ya pili, yenye jino la nta. Lilishuka mpaka chini na kukaa kimya.

"Vizuri," alisema Daktari Mkubwa. "Ndivyo nilivyoagiza."

"Soma kadi."

Daktari Mdogo ndiye aliyeisoma, kwa sababu baba yake alikuwa anatafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. "Ganda la kushikilia. Meno yashikiliwe kama yalivyo. Usisogeze chochote." Chini ya neno "chochote" kulikuwa na mistari miwili. "Huu ni mwandiko wako, Baba. Na tarehe ya kadi ni ya siku mbili kabla ya iliyokwaruzwa kwenye ganda."

Mzee alichukua kadi. Aliisoma mara ya kwanza akiwa ameikunjia uso, na mara ya pili uso ukafunguka taratibu. Nje mgonjwa mmoja alikuwa akiulizia zamu yake, na mtu akamjibu asubiri.

"Nilipiga mistari miwili," alisema hatimaye. "Basi nilikuwa sikuamini kazi yako hata kidogo." Akaiweka kadi mezani. "Nimeisimulia ile nyingine mara nyingi mno, Fundi. Nadhani tangu lini sijui niliacha kuikumbuka hii." Halafu, kwa kuwa ni yeye, akainua kidole. "Lakini jambo moja sikubali. Kama lilikuwa kosa, mbona mgonjwa hakulalamika? Nilimvalisha mimi mwenyewe. Nikamuuliza linauma? Akasema hapana. Ganda linalosukuma jino namna ile, bila kutayarishwa, lazima liume. Huyu hapa, muulizeni."

Wote walimgeukia fundi saa. Mama Plasta alifumba macho, maana jibu alilijua: hapana, halikuuma, kila kitu kizuri, na utafiti wa muda mrefu utabaki ukutani milele.

"Mjomba," alisema Daktari Mdogo kwa upole, kalamu tayari. "Liliuma?"

Fundi saa aliizungusha kofia. "Liliuma sana."

Mama Plasta alifumbua macho.

"Siku nne sikutafuna kitu. Usiku nilikuwa natembea chumbani. Nilijua siku ileile kwamba limekosewa. Mimi ni fundi, nikishika kitu kisicho cha mahali pake najua."

"Na kwa nini hukusema?" Daktari Mkubwa alikuwa ameegemea mbele.

"Wiki ile niliyokuja kuvuliwa nyaya nilikaa pale nje, kwenye benchi, nikisubiri zamu. Nikakusikia humu ndani unamwambia kosa moja zaidi anafungasha." Alionyesha ukuta kwa kofia, kwa heshima, kama anayeomba radhi kwa niaba ya ukuta. "Alipotoka alikuwa analia, na mikono ina plasta, basi akawa anafuta machozi kwa mabega. Nikaona nikisema linauma, wataangalia. Wakiangalia, anaondoka."

Mzee alitazama fimbo yake. Daktari Mdogo aliacha kuandika.

Mama Plasta alisimama katikati ya maabara yake nusu tupu, na kitu cha kwanza kilichomjia ni hasira, kwa sababu hasira ndiyo aliyokuwa ameizoea. Miaka thelathini! Miaka thelathini alikuwa ameamini ni bahati yake, kwamba mgonjwa mwingine yeyote angepiga kelele siku ya pili, ila yeye alimpata bubu. Akaolewa na yule bubu. Akamkaripia kwa ububu wake asubuhi na jioni, mbele ya wageni, mbele ya watoto.

"Na hukuniambia," alisema, na sauti haikutoka kama alivyotaka. "Mimi! Hata mimi!"

"Ungejisikia vibaya."

"Toka hapa!" alimwambia. Kisha akamshika mkono alipokuwa anainuka kweli, mtiifu yule, akamrudisha kwenye kiti.

Mstari ulichukua nusu saa kuandikwa. Daktari Mdogo aliogopa neno "kosa" lisije likawatisha wagonjwa ukutani. Mama Plasta akasema wagonjwa wanajua makosa kuliko daktari yeyote, yamo midomoni mwao. Daktari Mkubwa akataka angalau "chini ya usimamizi wa mwanzilishi", akapewa, kwa sababu alikuwa mzee, na kwa sababu ni kweli kwamba alisimamia, tena kwa kelele. Fundi saa akaomba asitajwe. Hapo mkewe alikataa katakata, piga ua. Mwishowe ikasomeka hivi: "Hapa, ganda la kwanza la kusogeza jino lilibanwa kwa makosa na fundi wa maabara, chini ya usimamizi wa mwanzilishi. Mgonjwa aliumwa siku nne na hakusema." Daktari Mdogo alisoma mara mbili, akasema hajawahi kuona ukuta wa kliniki wenye maneno kama hayo, akaituma kwa mchapaji kabla hajabadilisha mawazo.

Walipoondoka baba na binti, Mama Plasta alifunga mlango na kuvaa aproni.

"Kaa vizuri. Fungua mdomo."

Hakuitafuta mashine. Alikoroga unga wa kupimia, akachukua umbo la meno, akamwaga plasta, na wakati inakauka wakakaa bila kusema, yeye akiosha bakuli, mumewe akiikagua saa ya ukutani ya maabara. Hiyo saa aliitengeneza bure mwaka ule wa kwanza, na kila baada ya wiki ikaharibika tena, na kila ikiharibika ilibidi yeye arudi. Mpaka leo hajakiri nani aliyekuwa akiiharibu. Plasta ilipokuwa ngumu Mama Plasta alilikata lile jino kwa msumeno mwembamba, akaligeuza nusu milimita tu, akalishika kwa nta. Mikono ilikumbuka kila kitu. Akapasha plastiki mpaka ikalegea, akaibana, safari hii juu ya plasta aliyoikusudia, akaikata ukingo, akaikwaruza namba na tarehe. Namba ilikuwa ileile.

Alilivalisha ganda kwa vidole gumba. Lilikataa kidogo, kisha likakaa.

"Linauma?"

Mumewe akafungua kinywa kutoa lile neno lake.

"Nimekuuliza," alisema Mama Plasta, na kidole kikiwa juu, na macho yakiwa yamemjaa maji ambayo hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na plasta. "Mimi ndiye ninayekuuliza, na hakuna mtu atakayefukuzwa. Linauma?"

Fundi saa alifikiri.

"Linauma," alisema. "Hapa. Na hapa nyuma kidogo." Akatazama juu, kana kwamba anasubiri kuona kama dari itaanguka. Haikuanguka. "Na goti. Goti linauma tangu mwaka juzi. Na chai. Unaweka sukari nyingi, mama. Sijawahi kuipenda."

"Sukari!" Mama Plasta alishika kiuno kwa mikono yake myeupe. "Miaka thelathini nakupimia vijiko viwili! Nimekuuliza jino, na wewe..."

"Na ule mto wa kulalia."

Alikuwa na mengi ya kumwambia, na yote yalimfika kooni kwa pamoja. Lakini alifuta macho kwa bega, akavuta stuli kwa mguu, akakaa mbele yake.

"Haya," alisema. "Goti lipi?"